Mistari Isiyosomwa na Kompyuta

4 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Marahaba. Najua barua yako ya mwisho ilianza na shikamoo, ingawa uliiandika huku unatafuna, maana ina doa la mafuta pembeni. Sisi wazima. Shemeji yako magoti yanamsumbua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Paa la jikoni tumelibadilisha, na yule paka ambaye tunasema kila siku si wetu amezaa tena chini ya ngazi yetu.

Kilichonifanya nikae kuandika ni hiki. Shule yetu inatimiza miaka hamsini, na mkuu wa shule ameniomba nitunge muziki wa sherehe. Nina hadi mwisho wa Juni. Nisipoweza, darasa la muziki atapewa mwalimu wa mazoezi ya viungo, kwa sababu ana filimbi. Sikutanii, ndivyo mkuu alivyosema kwenye kikao.

Safari hii sitaki kutunga kwa kinanda. Nataka ule muziki wako wa kompyuta, unaoandika maneno na namba, kisha unabonyeza na mashine inapiga. Najua unacheka. Mwaka juzi uliponionyesha nilikuambia ni kelele za mashine ya kusaga. Nimebadili mawazo, na mtu mzima anaruhusiwa.

Lugha yenyewe ninaielewa, ni nota tu zilizovaa nguo nyingine. Shida ni ile programu ya kuandikia. Herufi zake ni ndogo kama chawa, rangi zinaumiza macho, na kila amri inataka vidole vingi. Wewe ndiyo kazi yako. Nichagulie kihariri ambacho mtu anaweza kukaa nacho saa tatu bila kukitukana. Halafu niambie, vitufe vya kupigisha muziki vinaweza kuhamishiwa upande wa kushoto? Kama inawezekana, vyote vihamie kushoto.

Usinipigie simu, imeharibika. Inasikika kama mtu anaongea ndani ya pipa. Na usishangae kwamba nimechapa badala ya kuandika kwa mkono. Ni mazoezi.

Dada yako

23 Februari

Dada Mwalimu,

Shikamoo. Lile doa ni siagi, naomba radhi. Huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu na anasema anataka mmoja wa wale paka ambao si wenu. Ofisini feni imekufa wiki nzima, na tuko sita kwenye chumba kimoja ghorofa ya tatu, tunapepeana kwa majalada.

Niache kwanza nicheke. Hahaha! Basi, nimemaliza.

Vihariri ni vingi, lakini kwa kazi yako viko vya namna tatu. Kuna hicho kinachokuja pamoja na lugha ya muziki, ndicho ulicho nacho, na ni kweli kinachosha. Kuna vile vikubwa vyenye vitufe kila kona ya skrini, vinavyokusaidia mpaka vinakukera. Hivyo waachie wanaoanza. Halafu kuna ninachotumia mimi. Skrini nyeusi tii, hakuna picha, kipanya hukigusi, kila amri iko kwenye vidole vyako. Kukizoea ni miezi miwili ya kulia. Ukishakizoea, kuandika kunakuwa kama kupiga kinanda, na wewe hilo hakuna wa kukufundisha. Nimekuwekea kwenye flashi pamoja na mipangilio yangu yote.

Kuhamishia vitufe kushoto? Dada, ni wewe uliyenipiga rula kwenye vifundo vya vidole nilipocheza wimbo wa shule kwa mkono mmoja. "Umepewa kumi, tumia kumi." Nakurudishia maneno yako yalivyo. Tumia kumi.

Na hiyo ya kuchapa barua siipendi. Mwandiko wako ndio kitu pekee kizuri kinachoingia kwenye sanduku letu la barua. Nahisi barua imetoka benki.

Kitinda

16 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Flashi imefika salama, na paka mmoja ametengwa kwa ajili ya wifi, yule mwenye soksi nyeupe. Shemeji yako amejifunza kupika wali, na sasa anauzungumzia kama aliyegundua moto.

Nimekikalia kihariri chako siku kumi na mbili. Sikatai, ni kizuri kwa mwenye nacho. Lakini kwako kupigisha muziki ni vitufe vitatu kwa pamoja, kimoja huku, kimoja kule. Na ile skrini nyeusi inanifanya nijione nimefungiwa stoo.

Kuhusu vidole kumi, nilikuwa mwalimu mpya na nilikuwa na rula. Usinikumbushe.

Nakuomba tena, na mimi si mtu wa kuomba mara mbili. Vitufe viwe kushoto, na kimoja kwa wakati. Herufi ziwe kubwa. Rangi ya nyuma iwe kama karatasi ya nota, ile krimu. Na mabano yajifunge yenyewe. Kila nikifungua bano, kulifunga ni safari, nikifika nimesahau nilitaka kusema nini, na muziki mzima unagoma kwa sababu ya bano moja.

Nina wimbo wenye sehemu nne kichwani. Ya kwanza nimeiandika. Mkuu ameuliza mara mbili, na filimbi imeanza kusikika karibu na dirisha la chumba cha muziki.

Dada yako

5 Aprili

Dada Mwalimu,

Shikamoo. Wifi yako amemchekea huyo paka wa soksi mpaka nikaona wivu. Feni imepona.

Usinikasirikie kwa hili: barua yako niliwasomea ofisini wakati wa chai. Niliigiza na sauti yako kabisa, ile ya "mimi si mtu wa kuomba mara mbili". Miwani, yule jamaa ninayekaa naye meza moja, alicheka mpaka akaivua hiyo miwani na kuifuta. Ile ya kusema kulifunga bano ni safari ndiyo iliyowaua. Sasa umeshapata jina, wanakuita Bibi Kushoto. Wanauliza kila asubuhi, "Bibi Kushoto anaendeleaje?"

Haya, nimekubali. Nilikaa dakika ishirini kabla ya mkutano nikakutengenezea faili jipya la mipangilio. Kitufe cha kupigisha kiko kushoto, kimoja tu. Herufi ni kubwa za kusomeka kutoka barabarani. Rangi ni krimu yako. Mabano bado, nikipata nafasi.

Lakini kuna sharti. Ndani yake nimeweka kitu kinachoandika kila kitufe unachobonyeza na saa uliyokibonyeza. Fanya kazi siku sita, kisha nitumie hilo jalada la vitufe. Nataka kuona kama kweli unakaa kwenye kiti, au unakunywa chai na kukisingizia kihariri. Ukweli utajulikana!

Kitinda

29 Aprili

Kitinda,

Barua yako imefika. Faili limefika na nimelifungua.

Uliomba ushahidi wa siku sita. Umo kwenye flashi.

Sisi wazima.

Dada yako

11 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui hata kama nina uso wa kukuamkia, lakini shikamoo.

Nilifungua jalada la vitufe ofisini, saa nne asubuhi, Miwani akiwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake, tayari kucheka. Kila siku kwa siku sita umekaa kuanzia saa tatu hadi saa sita na nusu. Hukukosa hata siku moja. Hilo ndilo la kwanza nililoliona.

La pili sikulielewa haraka. Watu wanapochapa, kidole kimoja hushuka kabla kingine hakijapanda. Kwako hakuna. Kurasa mia na ishirini, na hakuna mahali vitufe viwili viligusana. Kwa kila herufi kubwa umewasha kitufe cha herufi kubwa kisha ukakizima, kama mtu anayefungua na kufunga mlango. Kutoka herufi za kushoto kwenda za kulia kuna pengo lilelile kila mara, la mkono mmoja unaosafiri.

Na nikaona nilichokufanyia. Kitufe cha kupigisha nilikihamisha, cha kunyamazisha nikakisahau. Kilibaki vitufe viwili kwa pamoja, kontroli kushoto na nukta kulia. Jumanne ulianzisha muziki ukashindwa kuuzima. Ulijaribu mara arobaini na moja. Nimezihesabu, dada. Kontroli, nukta. Kontroli, nukta. Alhamisi kontroli ikashuka na kukaa chini dakika nzima, kana kwamba umeikalishia kitu kizito, ndipo nukta ikafuata. Miwani aliuliza, "Vipi, Bibi alilala au?" Nikafunga skrini nikamwambia faili limeharibika.

Nilitoka nikampigia shemeji. Akasema, "Alinikataza nisikuambie." Ndipo akanieleza. Kiharusi, Novemba. Mkono, mguu, na mdomo. Na mimi Februari nakuambia tumia kumi.

Naona aibu, sahani narudisha jikoni ilivyo. Wifi yako anadhani naumwa.

Nimekaa wiki nzima na mipangilio yako, si dakika ishirini. Vitufe vyote vya kazi viko kushoto, kimoja kimoja. Kitufe cha herufi kubwa unakigusa mara moja, kinangoja. Mabano yanajifunga. Maneno marefu unaandika herufi mbili, yanajimalizia. Na kwenye kifurushi kuna pedali, inachomekwa kwenye kompyuta. Nimemuuliza shemeji ni mguu upi. Ukiikanyaga, sauti yote inanyamaza.

Ombi moja: lile faili la Aprili lifute. Usilifungue tena, halina kazi, litagongana na hili jipya.

Mdogo wako

30 Mei

Kitinda,

Vitu vimefika. Wifi amjengee paka sanduku, ameshaanza kula chakula kigumu. Shemeji yako amekiri kwamba alikuambia, na kwa siku mbili alikula wali wake mwenyewe peke yake.

Kitu kizito ni kufuli la chumba cha muziki. Linatosha kabisa juu ya kontroli.

Unataka kujua kwa nini sikusema. Miaka thelathini nimewaambia watoto kwamba mkono wa kulia ndio unaoimba, wa kushoto unasindikiza tu. Niende nikamwambie nani kwamba wangu umekufa? Mdomo ulining'inia upande, nilikuwa nikiongea mate yananitoka. Wewe nilikufundisha kuongea mimi, mama akiwa kazini, neno kwa neno. Sikutaka unisikie hivyo. Ndiyo maana simu ikaharibika. Shuleni wanajua niliteguka bega. Najikuta nimejificha nyuma ya mlango wa darasa langu mwenyewe nikisubiri wenzangu wapite koridoni, kama mwanafunzi mchelewaji. Hata kukuandikia haya naona haya.

Mipangilio ni mizuri. Bano linapojifunga nalishukuru kwa sauti. Pedali ndiyo iliyonitoa machozi, kwa kuwa mguu unaikumbuka. Miaka ile nilipokuwa napiga kinanda kikubwa cha pedali mguu wa kushoto ulijua njia yake bila kuuliza. Sehemu ya pili na ya tatu zimekamilika. Imebaki ya nne.

Faili la Aprili sijalifuta. Mwalimu hatupi daftari la mtu.

Nina swali la kikazi. Nimeanza kujibadilishia mambo madogo mwenyewe, ukubwa wa kishale na kadhalika, na naona baadhi ya mistari inaanza na alama ya reli, hii: #. Mistari hiyo ni ya nini? Nieleze vizuri, kama unavyomweleza mtu asiyejua.

Dada yako

13 Juni

Dada,

Shikamoo. Swali lako nimetembea nalo siku nane. Nimelijibu mara tatu nikachana.

Mstari ukianza na alama ya reli, kompyuta inauruka. Kwake ni kama haupo. Mtengenezaji huuandika kwa ajili ya mtu atakayefungua faili baadaye, amweleze hiki ni nini na kwa nini kiko hapa.

Sasa umeshajua, au ulishajua. Mstari wa juu kabisa wa faili la Aprili unasema:

# Mipangilio ya Bibi Kushoto. Mkono wa kulia uko likizo, msiuamshe.

Niliuandika mimi. Nilimwonyesha Miwani, tukacheka, nikaunakili kwenye flashi nikaenda mkutanoni. Sikudhani utaona. Hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwamba nilikuona hujui hata kufungua faili. Na nilipokuomba ulifute nilikuwa nakudanganya. Halikuwa la kugongana na chochote. Nilitaka tu lipotee kabla hujafika kwenye mstari wa kwanza.

Nimejiuliza kwa nini nilifurahia vile. Wewe ulijua kila kitu, dada. Kusoma, kuhesabu, kuimba, kufunga kamba za viatu, vyote nilivikuta kwako, na siku zote nilikuwa nyuma. Mara moja maishani ukaniuliza kitu ambacho mimi najua na wewe hujui. Nilinogewa. Nikataka na wenzangu waone.

Na kuna lingine, nalo nalisema ili lisije likabaki tena ndani ya faili. Ofisini sijawaambia. Asubuhi bado wanauliza, "Bibi Kushoto anaendeleaje?" Na mimi nacheka nao. Jana pia nilicheka. Nikifungua mdomo niwaambie, nacheka.

Nisamehe ukiweza. Ukishindwa pia nitaelewa.

Mdogo wako

6 Julai

Mdogo wangu Kitinda,

Marahaba. Na marahaba ya Aprili, na ya Mei, zile nilizokunyima. Shikamoo zako nilikuwa naziona mwanzoni mwa barua na nilikuwa naziruka makusudi, kama kompyuta.

Sisi wazima. Paka wa wifi yuko tayari, njooni wenyewe mumchukue.

Sherehe imepita. Wiki moja kabla niliwaambia walimu wenzangu ukweli kwenye chumba chao cha mapumziko, nimesimama, nimeshika kiti. Mate yalinitoka kidogo, kama nilivyoogopa. Mwalimu wa mazoezi ndiye aliyenipa leso. Siku yenyewe yeye ndiye aliyenibebea spika, na hiyo filimbi yake nimemwekea mahali pake katika sehemu ya nne, mipigo minane tu. Aliipuliza kama mtu anayeapishwa. Mimi nilikaa mbele ya wazazi wote, mkono wa kulia mapajani, mguu kwenye pedali. Mwishoni nilikanyaga, ukumbi mzima ukanyamaza kwa mkupuo mmoja. Darasa ni langu.

Ule mstari wako niliusoma siku ileile faili lilipofika. Mimi huanza kusoma juu, unanijua. Niliona aibu ambayo hata kiharusi hakikunipa. Nilizima kompyuta, nikakaa jikoni. Kesho yake saa tatu niliiwasha, maana sehemu ya pili ilikuwa haijaandikwa na wewe ulisema ukweli utajulikana. Siku zote sita nilifanya kazi chini ya mstari huo.

Nilipokuuliza habari za alama ya reli nilikuwa nimeshaelewa kazi yake. Nilitaka kuona kama utaniambia. Umeniambia. Umechelewa, lakini hukungoja nikuvute.

Nimekurudishia faili kwenye flashi. Mstari wako sijaufuta, na wewe usiufute. Chini yake nimeongeza wangu:

# Likizo imekwisha, umestaafu. Mkono wa kushoto umeshika zamu.
# Kitufe cha kunyamazisha kilisahauliwa hapa na mdogo wangu. Fundi mwingine asisahau.

Nina jambo moja la kukuagiza, na unajua mimi si mtu wa kuomba mara mbili. Barua hii nenda nayo ofisini. Wasomee wakati wa chai, kuanzia marahaba, na mistari ya reli usiiruke. Miwani awepo. Isome kwa sauti ileile uliyosomea ile ya Machi.

Jina hapo chini sijalichapa. Nimeliandika kwa mkono wa kushoto; karatasi sita nimeziharibu, ya saba ndiyo hii. Limepinda, lakini linasomeka.

Bibi Kushoto